Habari za Maradhi Huanzia Zizini

Mfugaji wa Endasak, chini ya Mlima Hanang, akiamka na kukuta kondoo wake wametupa mimba baada ya mbuga kufurika maji, majirani humpa pole kwa hasara iliyompata. Sisi tunasema kwamba jambo hilo si hasara yake peke yake. Ni habari, na yawezekana ikawa ndiyo habari inayosubiriwa Dodoma, Nairobi na hata Geneva, yaliko makao makuu ya Shirika la Afya Duniani. Tunalotaka kuuliza leo ni kama habari hiyo ina njia ya kufika huko, na ikifika, mwenye kondoo atajibiwa nini.

Tunauliza kwa sababu tumekwisha kuonja gharama ya kuchelewa. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa mara ya kwanza katika kondoo wa Naivasha, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1930, iligunduliwa miongoni mwa watu wa kaskazini mwa nchi yetu mwezi Januari 2007. Ilipotulia mwezi Juni ilikuwa imeripotiwa katika mikoa 10 kati ya 21 ya Tanzania Bara ya wakati huo, Manyara ukiwamo. Wagonjwa 309 walihesabiwa, ama kwa uthibitisho wa maabara ama kwa dalili zilizoelekea huko, na vifo vilivyoripotiwa vilikuwa 144. Mkoa wa Dodoma ndio ulioumia zaidi.

La kusikitisha ni kwamba ugonjwa huo haukuja bila kutangazwa. Tangu Septemba 2006 wataalamu wa Marekani waliokuwa wakitazama joto la bahari na ukijani wa ardhi kwa setilaiti walikwisha kuona hatari ikijengeka Afrika Mashariki, na Novemba Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likatoa tahadhari. Hesabu yao haikuwa ya uganga. Wako mbu ambao hutaga mayai katika udongo wa mbuga; mayai hayo hustahimili ukavu kwa miaka, na mengine huwa na virusi ndani yake. Mvua nyingi isiyo ya kawaida ikituama, mbu huibuka kwa wingi na kuuma mifugo. Wana-kondoo hufa na majike hutupa mimba. Kisha huja zamu ya binadamu: yule aliyechinja, aliyemsaidia mnyama kuzaa, au aliyekunywa maziwa mabichi.

Hata hivyo, setilaiti haioni zizi. Huonyesha mahali pa kutazama, basi. Wafugaji wa Kisomali wa kaskazini-mashariki mwa Kenya walikuwa na jina lao wenyewe la ugonjwa huo, lililotokana na damu inayotoka puani mwa mnyama, na waliutambua kabla ya maabara. Uthibitisho ulipatikana Desemba 2006, watu wa Garissa wakiwa wamekwisha kufa. Kwa maneno mengine, maiti za watu ndizo zilizopiga kengele ambayo ingepigwa na kondoo.

Kwa nini basi mfugaji hanyanyui simu? Hatukubaliani na wale wanaosema kwamba ni ujinga. Mfugaji anajua vizuri sana kitakachofuata: karantini, mnada kufungwa, nyama kukosa mnunuzi. Mnada ndio ada ya shule, ndio mahindi ya mwezi ujao. Anayetoa habari huadhibiwa na habari yake mwenyewe, naye bwana mifugo aliyechukua sampuli pengine harudi na majibu. Katika hali hiyo kunyamaza ni hesabu, tena ni hesabu inayoeleweka.

Na tusimsute mfugaji peke yake, maana serikali nazo huifanya hesabu hiyo hiyo. Kanuni za Afya za Kimataifa zilizoanza kutumika Juni 2007 zinaitaka nchi itoe taarifa katika saa 24 baada ya kutathmini kwamba tukio linaweza kuihusu dunia. Nchi yetu iliacha kutangaza takwimu za Uviko-19 mwishoni mwa Aprili 2020, ikarudi kuzitoa mwaka 2021. Mwezi Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitaja wagonjwa walioshukiwa kuwa na Marburg Biharamulo. Wizara ikasema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha ugonjwa. Siku chache baadaye, tarehe 20, Rais akatangaza kwamba upo. Ulipotangazwa mwisho wake Machi 13, waliofariki walikuwa 10. Hofu ya kupoteza watalii na wateja haina tofauti kubwa na hofu ya kufungiwa mnada.

Maradhi hayo hayajali mipaka tunayoyawekea. Mwaka 2000 Homa ya Bonde la Ufa ilivuka Bahari ya Shamu ikaua watu Saudi Arabia na Yemeni.

Wakazi wa Katesh, waliozika ndugu zao baada ya maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023, hawahitaji kufundishwa maana ya mvua kubwa. Wanachohitaji, pamoja na wenzao wa Endasak, ni mambo ya kawaida kabisa. Bwana mifugo awe na petroli katika pikipiki yake. Mganga wa zahanati na bwana mifugo waambiane wanachokiona, maana mara nyingi wanaitazama familia moja. Chanjo ya mifugo itolewe kabla ya mvua, kwa kuwa kuchanja wakati ugonjwa umekwisha kuingia kunaweza kuueneza kwa sindano. Na majibu ya sampuli yarudi kijijini, hata yakiwa ni kwamba hakuna kilichoonekana.

Juu ya yote hayo, mwenye mifugo aelezwe mapema, hadharani na kwa maandishi, mnada ukifungwa utafungwa kwa muda gani, na nani atamfidia. Tungependa kuisikia Halmashauri ya Wilaya ya Hanang ikilijibu swali hilo kabla ya mvua za Novemba.