Je, Wajua? Chai ya Bashay na Chujio Lake

Je, wajua kwamba maji ya Bashay, Mbulu, hayafiki moto wa maji ya Tanga hata yakitokota vipi? Kadiri unavyopanda juu, ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua. Kwenye nyanda za juu kama za Mbulu, mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 badala ya 100. Ndiyo sababu ileile inayofanya maharage yachelewe kuiva. Kwa hiyo huku majani ya chai hayamwagiwi tu maji ya moto ya kwenye chupa ya chai. Yaache jikoni yatokote kidogo.

Je, wajua kwamba chai nyeusi na chai ya kijani hutoka kwenye mmea mmoja? Nyeusi imeachwa ipigwe na hewa, basi.

Zile chembe tunazopimiwa dukani ni majani yaliyokatwa, yakararuliwa na kuviringwa kwa mashine. William McKercher aliianzisha njia hiyo Assam, India, mwaka 1930. Chembe hutoa rangi haraka, dakika 3 hadi 5 zinatosha, lakini pia hupenya kwenye chujio lililotoboka. Ukishaepua, subiri dakika moja mashapo yashuke, kisha mimina taratibu bila kutikisa sufuria. Tone la mwisho liache humo humo.

Majani yenyewe hayatoki hapa: Mbulu hakuna mashamba ya chai. Wajerumani waliipanda Amani, Usambara, na Kyimbila, Rungwe, mwanzoni mwa karne ya 20. Kilimo cha biashara kikaanza 1926.

Je, wajua kwa nini maziwa hukatika ukitia tangawizi mbichi? Tangawizi ina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa. Moto mkali hukiua. Twanga tangawizi, ichemshe kwanza kwenye maji pamoja na majani, ndipo utie maziwa. Anayeanza na maziwa asimlaumu ng'ombe.

Ndimu huifanya chai ya rangi ing'ae na kupauka, magadi huifanya iwe nyeusi zaidi. Weusi huo usikudanganye ukadhani majani yamekolea.

Je, wajua kwamba chai inayonywewa papo hapo baada ya makande hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyapata kwenye maharage? Subiri kama saa moja, hasa mama mjamzito.

Utando wa kahawia kwenye chujio la chuma hutoka ukilisugua kwa majivu ya jikoni yenye unyevu. Chujio la plastiki litakwaruzika.

Na hili ni la wenyeji wa Mbulu hasa, wakulima wa vitunguu saumu: majani ya chai hunyonya harufu ya jirani yake. Wachina hulitumia jambo hilo makusudi, wakiyalaza majani pamoja na maua ya asumini. Majani yako yakilala stoo moja na gunia la saumu, utakunywa mchuzi. Yaweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana.