Umefiwa? Andika Habari za Marehemu Wako

Msiba ni mzigo mzito. Ukifiwa, mwili nao huumia. Usingizi hukimbia. Chakula hakipiti. Kifua hubana. Huo si wazimu. Ni majonzi.

Siku za msiba watu ni wengi. Wanapika, wanakesha, wanasoma dua. Tanga likianuliwa, kila mtu hurudi shambani kwake. Unabaki peke yako na mawazo. Basi chukua daftari na kalamu. Kuandika sasa unajua. Andika habari za marehemu wako.

Usitafute maneno makubwa. Anza na jina lake. Wazazi wake ni nani? Alizaliwa wapi? Alilima nini, au alivua wapi? Ameacha watoto wangapi? Kisha andika jambo moja ambalo nyumba nzima inalikumbuka. Labda ni kicheko chake. Labda ni wimbo aliouimba akipalilia mpunga. Waite ndugu zako. Mmoja aseme, mwingine aandike. Machozi yakija, weka kalamu chini. Lia. Utaendelea kesho.

Mwisho, andika ugonjwa wake. Ulianza siku gani? Dalili zilikuwa zipi? Alitibiwa wapi? Alifariki tarehe gani? Andika mliyoyaona kwa macho. Maneno ya barazani yaacheni.

Kwa nini? Mtoto akifa kwa degedege, wapo wanaosema ni shetani, au amerogwa na jirani. Lakini mara nyingi degedege huletwa na malaria kali. Tukiandika uongo, majirani watachukiana bure. Na mtoto wa pili akishikwa, atacheleweshwa kufika zahanati.

Hapa Rufiji tumeona faida ya kuandika ukweli. Mwaka 1998 ulianza mpango wa kuandika vizazi na vifo, nyumba kwa nyumba. Makao yake yalikuwa Ikwiriri. Kukitokea kifo, mtu alikwenda kuwauliza wafiwa jinsi marehemu alivyougua. Wafiwa walijibu, ingawa walikuwa na uchungu. Majibu yao yaliwaonyesha viongozi wa afya wa wilaya magonjwa yanayoua zaidi, malaria ikiwa mojawapo. Fedha na dawa zikaelekezwa huko. Vifo vya watoto wenye umri chini ya miaka 5 vikapungua sana katika miaka iliyofuata. Maneno ya waliofiwa yalisaidia kuokoa watoto wa wenzao.

Kuandika hakumalizi majonzi, lakini hupunguza uzito. Kama wiki nyingi zimepita na bado huwezi kula, kulala wala kufanya kazi, nenda zahanati. Kama unatamani kufa, mwambie mtu leo hii, na uende zahanati leo hii. Usione haya.

Ukimaliza, iweke karatasi hiyo pamoja na cheti cha kifo. Iweke mahali pakavu, mbali na mchwa. Wajukuu watakapouliza, "Babu alikuwa mtu gani?" wapeni waisome wenyewe.