Je, Wajua? Ndege ya Moscow, Usajili wa Bermuda
Je, wajua kwamba kwa miaka mingi ndege nyingi za Aeroflot, shirika la Urusi, ziliruka zikiwa na usajili wa Bermuda, visiwa vya Uingereza katika Atlantiki? Zilikuwa za kukodi. Wenye ndege, baadhi yao kampuni za Ireland, walitaka sheria itakayowarahisishia kuzichukua iwapo kodi haitalipwa. Kwa hiyo ubavuni ziliandikwa VP-B au VQ-B, si RA ya Urusi.

Mkataba wa Chicago wa 1944 unaipa ndege uraia wa nchi iliyoisajili, na ndege haiwezi kusajiliwa kihalali katika nchi mbili kwa wakati mmoja. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Bermuda ilisimamisha vyeti vya usalama vya ndege hizo kwa kuwa haikuweza tena kuzisimamia ipasavyo. Urusi ikaanza kuzisajili upya kwake, bila ridhaa ya wenye mali.  Ukiwa uwanjani na ukitaka kujua ndege imesajiliwa wapi, soma herufi zilizo karibu na mkia: 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda.