Bwaki Inaanzia Wapi?

Bwaki tunaijua wote: mutoto anavimba miguu na uso, nywele zinageuka nyekundu, hachezi tena. Wengine wanasema ni uchawi. Hapana! Mara nyingi ni njaa ya mutoto mwenye kushiba bugali ya muhogo tu. Muhogo unajaza tumbo, lakini haujengi mwili.

Basi mama apate maharagi, sombe, ndakala na mayai, tangu mbele ya mimba. Mutoto anyonye maziwa ya mama tu miezi 6, hata maji hapana. Kisha uji utiwe karanga ao ndakala ya kusagwa, na kunyonya kuendelee mpaka miaka 2.

Wakati wa likizo, muangalie sahani nyumbani: nani anakula samaki, na nani mwenye mimba anabakia na muchuzi?