Shimo la Bilioni 346: Nani Aliyelipia Mwaka 2024 Kenya?

Juni 24, 2024 ndiyo siku ambayo Kenya ilipaswa kumaliza kulipa mkopo wa dola bilioni 2 iliouchukua katika masoko ya nje miaka kumi kabla. Siku iliyofuata, Juni 25, wabunge 195 waliupitisha Mswada wa Fedha wenye ushuru mpya, 106 wakiupinga, na alasiri hiyo vijana wakaingia Bungeni huku polisi wakifyatua risasi. Wengi huusimulia mwaka ule kuanzia siku ya pili. Mimi naona hesabu yake inaanzia siku ya kwanza.

Mkopo wenyewe ni Eurobond ya mwaka 2014. Wakati huo dola moja ilikuwa takriban KSh 88, kwa hiyo dola bilioni 2 zilikuwa kama KSh bilioni 176. Kufikia Januari 2024 dola ilikuwa imegonga KSh 160, na deni lile lile, bila kuongezwa hata senti, likawa KSh bilioni 320. Shilingi ilikuwa imedhoofika kwa sababu kadhaa, na mojawapo ni hofu ya mkopo wenyewe. Wenye fedha walishuku kwamba Kenya haingepata dola za kulipa, wakazishikilia walizokuwa nazo, na uhaba ukaipandisha bei zaidi.

Februari serikali ikauza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 na kutumia fedha hizo kununua sehemu kubwa ya deni la zamani kabla siku yake haijafika. Hofu ikatulia. Katikati ya mwaka dola ilikuwa imeshuka hadi KSh 129 hivi, na kwa bei hiyo dola bilioni 2 ni KSh bilioni 258. Yaani mzigo ulipungua kwa KSh bilioni 62 kwa mabadiliko ya bei ya dola pekee. Hazina ya Taifa ilistahili sifa kwa hilo.

Lakini utulivu huo ulinunuliwa. Mkopo wa zamani ulikuwa na riba ya asilimia 6.875 kwa mwaka. Huu mpya ni asilimia 9.75. Kwa dola bilioni 1.5, hiyo ni dola milioni 146 kila mwaka badala ya milioni 103. Tofauti ya dola milioni 43 ni takriban KSh bilioni 5.6, nazo zitalipwa mwaka baada ya mwaka.

Ziweke bilioni hizo 5.6 kando ya mgogoro uliokuwa ukiendelea miezi hiyo hiyo. Kuanzia Machi 14 hadi Mei 8 madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 56. Kiini kimojawapo kilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi: mkataba wa 2017 uliwapa KSh 206,400 kwa mwezi, serikali ikasema ina uwezo wa kulipa KSh 70,000 tu. Pengo ni KSh 136,400. Kwa kila wanagenzi 1,000, hilo ni KSh bilioni 1.64 kwa mwaka. Riba ya ziada ya mkopo mmoja ingeliziba pengo hilo kwa wanagenzi zaidi ya 3,000. Simaanishi kwamba fedha hizo zilikuwa mezani zikisubiri kuchaguliwa zielekee wapi. Namaanisha kwamba serikali iliposema haina, wagonjwa waliokuwa wakirudishwa nyumbani kutoka milango ya hospitali walikuwa tayari wanalipia kitu ambacho hakuna aliyewaeleza.

Na miezi hiyo ndiyo iliyoleta mafuriko. Karibu watu 300 walikufa kati ya Machi na Mei, makumi yao Mai Mahiu, ambako maji yaliporomoka usiku wa kuamkia Aprili 29 na kuzoa nyumba zikiwa na watu ndani. Ufunguzi wa shule ukaahirishwa hadi Mei 13. Familia zilizoamriwa kuondoka kandokando ya mito ya Nairobi ziliahidiwa KSh 10,000 kila moja ili zianze upya. Serikali iliyokuwa na deni la umma la KSh trilioni 10.56 kufikia Juni haikuwa na kingi cha kutoa. Rais William Ruto mwenyewe alisema, baada ya maandamano, kwamba katika kila KSh 100 za ushuru unaokusanywa, 61 zinakwenda kulipa madeni.

Zinabaki 39. Kwa hizo lipa walimu, polisi, barabara, kaunti 47, dawa na wanagenzi. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitoka hapo.

Kutoka bilioni hadi mkate

Lengo lilikuwa kuongeza takriban KSh bilioni 346 katika mwaka mmoja wa fedha. Takwimu kama hiyo haimwingii mtu akilini. Igawe kwa Wakenya milioni 47.6 waliohesabiwa katika sensa ya 2019, na kila mmoja, pamoja na mtoto aliye mgongoni mwa mamake, anadaiwa karibu KSh 7,300. Familia ya watu watano: zaidi ya KSh 36,000.

Vijana hawakuhitaji hata hesabu hiyo. Waliusoma mswada kifungu kwa kifungu, wakaufasiri kwa Kiswahili na lugha za nyumbani, wakaujadili TikTok na X hadi usiku wa manane. Mkate wa gramu 400 uliokuwa ukiuzwa takriban KSh 65 ungetozwa VAT ya asilimia 16: shilingi kumi zaidi. Nyumba inayokula mkate mmoja kila siku ingelipa kama KSh 3,800 zaidi kwa mwaka, kwa mkate pekee. Mafuta ya kupikia yalipangiwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 25. Ushuru wa kutuma pesa kwa simu ungepanda kutoka asilimia 15 ya ada hadi 20.

Kifungu kilichonikera zaidi ni cha magari. Kila gari lingelipiwa asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, si chini ya KSh 5,000 wala zaidi ya KSh 100,000. Ukomo huo wa juu unafikiwa na gari la KSh milioni 4. Mwenye gari la KSh 800,000, pengine dereva wa teksi anayelitegemea kulisha watoto, angelipa KSh 20,000, asilimia 2.5 kamili. Mwenye gari la KSh milioni 40 angelipa 100,000, ambayo ni asilimia 0.25. Mwenye mkweche wa KSh 100,000 angelipa 5,000, yaani asilimia 5. Kadiri ulivyo maskini ndivyo kiwango kinavyopanda. Sheria inayoandikwa hivyo haikukosewa kwa bahati mbaya. Kuna aliyekaa akauweka ukomo huo wa juu kwa makusudi.

Juni 18 kamati ya fedha ya Bunge, chini ya mwenyekiti wake Kuria Kimani, ilitangaza kuondoa VAT ya mkate, ushuru wa magari na mengine kadhaa. Mwezi mmoja mapema hatua hiyo ingetosha. Siku hiyo ilichelewa, kwa maana watu walikuwa wameshajua kusoma mswada, na walipousoma waliona pia bajeti ya afisi kubwa, safari na ukarabati. Hasira haikuwa juu ya shilingi kumi za mkate tu. Ilikuwa juu ya nani anaambiwa afunge mkanda.

Hesabu isiyo na shilingi

Julai 1, Tume ya Taifa ya Haki za Kibinadamu, KNCHR, ilitoa takwimu zake: waliouawa 39, waliojeruhiwa 361, waliokamatwa 627. Katikati ya Julai waliouawa walifika 50. Baadaye hesabu hiyo ikafikia angalau 60. Desemba 26, tume hiyo hiyo ikasema imenakili visa 82 vya watu waliotekwa nyara tangu Juni, na kwamba 29 kati yao hawakuwa wamepatikana.

Nimezitaja namba hizi peke yake kwa sababu hazipaswi kuchanganywa na nyingine. Kuna wachambuzi walioandika kuhusu hasara ya maduka yaliyofungwa na siku za biashara zilizopotea, kisha wakawataja waliouawa katika sentensi ya mwisho, kama gharama nyingine ya machafuko. Wale walikuwa watu waliotoka nyumbani asubuhi, wengi wakiwa na chupa ya maji, simu na bendera. Risasi zilizowaua zilinunuliwa kwa ushuru, na kila mama aliyezika mwanawe mwaka ule amelipa kuliko bajeti yoyote inavyoweza kuandika.



Shimo halikufukiwa, lilihamishwa

Juni 26 Rais alikataa kuutia sahihi mswada. Hapo ndipo hadithi huishia kwa wengi: wananchi walishinda, ushuru ukafa. Lakini matumizi yaliyopangwa kulipiwa na ushuru huo yalikuwa bado yapo. Julai 5 Rais akaeleza jinsi bilioni 346 zitakavyopatikana: KSh bilioni 177 zitapunguzwa kwenye matumizi, na KSh bilioni 169 zitakopwa. Mashirika 47 ya serikali yangevunjwa, washauri wapunguzwe nusu, bajeti za afisi za wake wa viongozi zifutwe. Wiki iliyofuata akalifuta karibu Baraza la Mawaziri zima, kisha akaunda jipya lenye wanasiasa wa upinzani, John Mbadi wa chama cha ODM akakabidhiwa Hazina.

Tazama bilioni 169 hizo. Wakati ule serikali ilikuwa ikikopa ndani ya nchi kwa hati za siku 91 kwa riba ya karibu asilimia 16. Kwa kiwango hicho, bilioni 169 huzaa riba ya KSh bilioni 27 kwa mwaka mmoja. Hizo haziandamaniwi na mtu barabarani, maana hazina jina la mkate. Na wanaopima uwezo wa nchi kulipa madeni hawakusubiri: Julai 8 kampuni ya Moody's iliishusha Kenya daraja kutoka B3 hadi Caa1, Fitch na S&P zikafuata Agosti.

Kisha kuna yaliyopita mlango wa nyuma. Julai hiyo hiyo ada ya matengenezo ya barabara ilipandishwa kutoka KSh 18 hadi 25 kwa kila lita ya mafuta. Matatu inayokunywa lita 40 kwa siku inachangia KSh 280 zaidi kila siku. Kwa nini hapakuwa na kelele kama za Juni? Kwa sababu bei ya mafuta duniani ilikuwa imeshuka, na mwezi huo petroli ilipungua kwa shilingi moja kwenye kituo. Mwananchi aliona bei imeteremka. Hakuona kwamba ingeteremka zaidi.

Mwenye mshahara wa KSh 100,000 aliyepiga makofi mswada ulipokufa na aitazame tena hati yake ya mshahara ya mwaka ule. Februari makato yake ya NSSF, mfuko wa pensheni, yalipanda kutoka KSh 1,080 hadi 2,160. Machi ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ulirejeshwa kwa sheria mpya: KSh 1,500, na mwajiri naye aongeze kiasi hicho. Oktoba bima ya afya ya NHIF ikapisha SHA, na makato ya afya yakatoka KSh 1,700 hadi 2,750, asilimia 2.75 ya mshahara wote. NSSF na SHA pekee ziliongeza KSh 2,130 kwa mwezi, au KSh 25,560 kwa mwaka. Hakuna hata moja iliyokuwa ndani ya mswada ule. Kwa haki niseme: wa mshahara wa KSh 20,000 alipata nafuu kidogo upande wa afya, kutoka KSh 750 hadi 550, na NSSF ni akiba yake mfanyakazi. Bado ni pesa isiyofika mkononi mwisho wa mwezi.

Siasa zilipofika Oktoba zilikuwa zimemgeukia Naibu Rais. Wabunge 281 walipiga kura kumwondoa Rigathi Gachagua, 44 wakamtetea. Seneti ikamtia hatiani kwa mashtaka 5 kati ya 11, na Novemba 1 Kithure Kindiki akaapishwa kuchukua nafasi yake. Lilikuwa jambo kubwa, lakini shimo halikupungua kwa kura hizo hata kwa shilingi.

Muhimu zaidi kwa mfuko ni lililotokea Novemba 21. Akihutubia Bunge, Rais alifuta mipango miwili ya kundi la Adani la India, siku moja baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kumshtaki mwanzilishi wake: ule wa dola bilioni 1.85 wa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na ule wa dola milioni 736 wa nyaya za umeme. Kwa pamoja, kwa dola ya KSh 129, ni karibu KSh bilioni 334. Inakaribiana ajabu na bilioni 346 za mswada. Hizi hazikuwa ushuru, wala fedha hazingetoka Hazina. Kampuni ingewekeza na kujirudishia kwa muda wa miaka 30 kupitia ada za abiria na bili za umeme. Lakini ndivyo hasa serikali isiyo na uwezo tena wa kukopa wala kutoza inavyofanya: inahamishia malipo kwa wateja wa kesho. Mabunge hukesha kwa ajili ya shilingi kumi za mkate, ilhali mikataba ya miaka 30 hujulikana kwa nyaraka zilizovuja.

Desemba 11 Rais akatia sahihi sheria mpya za ushuru. Baadhi ya mapendekezo ya Juni yalirudi kwa sura nyingine, na ada ya maendeleo ya reli kwa bidhaa zinazoagizwa ikapanda kutoka asilimia 1.5 hadi 2. Hapakuwa na umati nje ya Bunge.

Kwa sheria, Mswada wa Fedha wa mwaka wa fedha unaofuata lazima ufike Bunge kufikia Aprili 30. Hazina ina watakwimu, ina data za mamlaka ya ushuru, KRA, ina ramani ya kila kaunti. Inaweza kuambatisha ukurasa mmoja unaoonyesha nyumba ya mapato ya KSh 20,000, ya 50,000 na ya 200,000 zitalipa kiasi gani zaidi kwa mwezi, ukijumlisha ushuru, ada na makato yote, yaliyomo mswadani na yaliyo nje yake, pamoja na riba ya kila kitakachokopwa badala ya kutozwa. Mwaka 2024 vijana waliifanya kazi hiyo wenyewe, kwa simu zao, na baadhi yao wakauawa kwa ajili yake.