Kompyuta Ikikwambia Pumzika, Itii

Safu hii imezoea kuzungumzia malaria, kuharisha na usafi wa maji ya kunywa. Leo tutazame jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni la kiafya, nalo ni kukaa mbele ya kompyuta saa nyingi mfululizo bila ya kupumzika, pamoja na msaada unaoweza kupatikana humo humo ndani ya kompyuta.

Wanaohusika si maofisa wa benki peke yao. Yumo kijana anayechapa barua na tasnifu za watu katika duka la fotokopi, yumo karani wa shule, mhasibu, mwanafunzi wa chuo na mpangaji wa kurasa za gazeti kama hili. Hawa wote wanakula kwa macho na vidole vyao. Viungo hivyo vikidhurika, riziki nayo imeingia mashakani.

Madhara yanaingiaje?

Tuanze na jicho. Kila tunapopepesa, kope hutandaza machozi juu ya jicho ili lisikauke. Mwaka 1993 watafiti wawili wa Kijapani, Tsubota na Nakamori, walichapisha hesabu yao: mtu aliyetulia alipepesa kwa wastani mara 22 kwa dakika, akisoma kitabu mara 10, na akitazama kompyuta mara 7 tu. Kwa hiyo jicho linakauka, linawasha, linakuwa jekundu na mtu anahisi kama limeingia mchanga. Juu ya hayo, ndani ya jicho kuna msuli mdogo unaokaza kila tunapotazama kitu cha karibu. Ukikazwa asubuhi hadi jioni, huchoka kama unavyochoka mkono ulioshika ndoo. Hapo huja ukungu wa macho na maumivu ya kichwa.

Ama mkono, kano zinazovuta vidole hupita katika njia nyembamba kwenye kifundo cha mkono, na pamoja nazo hupita neva inayohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Njia hiyo ikivimba, neva hubanwa. Mgonjwa huamka usiku akikung'uta mkono kwa sababu ya ganzi. Uholanzi maumivu ya mkono yatokanayo na kompyuta yalienea kiasi kwamba watu wa kawaida waliyapa jina la "mkono wa mausi". Shingo na mgongo navyo hulalamika, kwa kuwa msuli uliotulia mahali pamoja haupati mzunguko mzuri wa damu.

Wala jambo hili halikuanza na kompyuta. Mwaka 1713 tabibu wa Kitaliano, Bernardino Ramazzini, alieleza maradhi ya waandishi wa kalamu akataja sababu tatu: kukaa muda wote, mkono kwenda mwendo ule ule bila kusita, na akili kukazana. Kalamu imeondoka, sababu zake zimebaki.

Programu zenyewe

Tatizo kubwa ni kwamba mtu aliyezama katika kazi hahisi muda unavyokwenda, na maumivu huja wakati madhara yameshaanza. Hivyo basi wapo waliotengeneza programu ambazo kazi yake ni moja tu, kukukumbusha kupumzika.

Mojawapo ni Workrave, inayotolewa bure kwa wenye Windows na Linux. Programu hii huangalia kama unatumia kibodi na mausi, na muda unaopiga kazi hujumlishwa. Kama ilivyopangwa na watengenezaji wake, kila baada ya dakika 3 za kazi inakuomba usimame sekunde 30. Baada ya dakika 45 inakutaka uondoke dakika 10, na hukuonyesha kwa picha mazoezi ya kunyoosha viungo. Ukifikisha saa 4 kwa siku inakwambia imetosha. Ukiinuka mwenyewe kwenda kunywa maji, nayo huyahesabu hayo kuwa ni mapumziko, haikusumbui bure.

Nyingine ni Stretchly, nayo ni ya bure, na inakubali Windows, Mac na Linux. Hii hukupa sekunde 20 kila baada ya dakika 10, na dakika 5 kila baada ya nusu saa. Katika zote mbili unaweza kubadilisha muda ulingane na kazi yako. Tahadhari moja: ichukue programu kwa watengenezaji wenyewe, kwani programu za bure zinazookotwa ovyo huja na virusi.

Je, zinasaidia kweli?

Tabibu hapaswi kukusifia dawa bila ya kukueleza mipaka yake. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliofanywa Uingereza na Hispania kwa watu 29 waliokuwa wakisumbuliwa na macho kwa ajili ya kompyuta. Kompyuta zao ziliwekewa programu ya kuwakumbusha kila dakika 20 watazame mbali, umbali wa mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Baada ya wiki mbili dalili zilipungua. Lakini wiki moja baada ya kukumbushwa kusimama, nafuu ile haikuendelea kuonekana.

Hapa pana funzo. Programu haikutibu, inakukumbusha tu. Anayepona ni yule anayeinuka kila siku. Katika programu hizi kipo kitufe cha kuahirisha na kingine cha kuruka mapumziko, na mtumiaji mwingi huzoea kuvibonyeza kama anayezima saa ya kengele akarudi kulala. Ukifanya hivyo, umeweka pambo ndani ya kompyuta yako.

Ukiona unaahirisha kila mara, usiifute. Punguza ukali wake. Mchapaji mwenye wateja mlangoni hawezi kusimama kila dakika 3, lakini sekunde 20 kila dakika 20 na dakika 5 kila saa zinawezekana. Kidogo kinachodumu ni bora kuliko kingi kinachoachwa kesho.

Ufanye nini katika mapumziko?

Kwanza, acha kioo. Kuacha kompyuta ukachukua simu si mapumziko, kwani jicho ni lile lile na kidole ni kile kile. Tazama mbali, nje ya dirisha au mwisho wa barabara, na upepese macho taratibu mara kadhaa. Teremsha mabega, geuza shingo pole pole kulia na kushoto, fungua na ufunge viganja. Katika mapumziko marefu inuka, tembea, kunywa maji.

Msomaji atauliza: je, swala si mapumziko? Ni kweli kwamba anayeiacha kazi akaenda kutawadha na kuswali ameinuka, ametembea na amekiacha kioo. Lakini swala ni ibada, haikuletwa kwa ajili ya kunyoosha mgongo. Tena aliyeanza kazi saa mbili asubuhi hukaa zaidi ya saa nne kabla ya Adhuhuri kuingia. Muda wote huo katikati unahitaji vituo vyake.

Asiye na kompyuta yake mwenyewe, anayetumia ya ofisi au ya duka ambayo haruhusiwi kuiwekea kitu, atumie kengele ya simu iliyowekwa mbali na mkono wake. Itamlazimu ainuke kuizima, na hapo ndipo faida ilipo.

Neno kwa waajiri

Wapo wakubwa wa kazi wanaodhani mfanyakazi anayeinuka ni mvivu. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa Marekani kwa makarani wa kuingiza takwimu, kazi ambayo kila herufi huhesabiwa. Waliongezewa mapumziko ya dakika 5 katika saa ambazo hazikuwa na mapumziko, jumla dakika 20 kwa siku. Maumivu ya viungo na uchovu wa macho vilipungua, na kazi haikupungua. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka sharti hili tangu mwaka 1990 kwamba kazi ya kompyuta ikatishwe kila baada ya muda, kwa mapumziko au kwa kubadilishiwa kazi. Mwajiri mwenye hekima atampa mchapaji wake dakika 5 leo, kuliko kumkosa mwezi mzima.

Usisubiri programu

Ziko dalili ambazo hazitaki kengele wala mazoezi, zinataka hospitali. Nazo ni ganzi ya vidole inayokuamsha usiku kwa wiki kadhaa, mkono kudondosha vitu au msuli wa chini ya kidole gumba kubonyea, jicho jekundu lenye maumivu makali, na kuona kupungua ghafla. Ganzi ya mkono huweza pia kuletwa na kisukari, ujauzito au maradhi ya tezi ya shingo, kwa hiyo usijihukumu mwenyewe kuwa ni kompyuta tu. Na mwenye zaidi ya miaka 40 anayesogeza karatasi mbali ili asome, huyo huenda anahitaji miwani. Mapumziko hayatamsaidia pasipo kupimwa.

Ndugu msomaji, mkulima hupumzisha jembe jua likiwa kali, na dereva wa masafa marefu hulazimika kusimama. Kazi ya kukaa kwenye kiti haina jua wala polisi wa kukusimamisha, ndiyo maana inahitaji mkumbushaji. Macho na mikono ni amana. Ikitokea maandishi kwenye kioo yakikwambia pumzika, acha sentensi hapo ilipofika na uinuke. Utaikuta inakusubiri.