Alifungwa jimbo moja, akahamia lingine: anaweza kupiga kura Marekani?

Wengi kati yetu hapa Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia tuko na ndugu kule Marekani. Walitoka kambini, wakapelekwa Kentucky, Texas ao Iowa, na kisha miaka wakapata uraia. Mwenye uraia anapiga kura. Lakini kama alisha kuhukumiwa juu ya kosa kubwa katika jimbo moja, kisha akahamia lingine, haki yake iko wapi?

Kwetu Congo, sheria ya uchaguzi ni moja kwa inchi yote. Marekani iko na majimbo 50, na kila jimbo njo linaamua nani anapoteza kura na lini anarudishiwa. Kule Maine na Vermont, hata mufungwa aliye gerezani anachagua. Michigan, haki inarudi pale mtu anapotoka. Texas, lazima amalize azabu yote, pamoja na muda wa kuchungwa akiwa inje.

Sasa, sheria ya wapi inafuatwa? Mara nyingi ni ya jimbo ambamo mtu anakaa leo. Mwenye kuhukumiwa Texas, angali anachungwa, akihamia Michigan anaweza kujiandikisha kule, hata kama Texas ingemukatalia.

Lakini kuna majimbo yenye mambo yao. Florida inatazama kwanza jimbo lililotoa hukumu: kama kule amesharudishiwa haki, Florida inakubali. Mwenye kuhukumiwa Florida yenyewe anapaswa kumaliza yote, hata lamande ambayo tribinali ilimuandikia. Na kwa mauaji ao kosa la ngono, inabaki kuomba musamaha.

Kentucky, gavana Andy Beshear alitoa amri Desemba 2019: waliomaliza azabu kwa makosa yasiyo ya nguvu walirudishiwa kura. Amri hiyo inagusa hukumu za Kentucky. Aliyehukumiwa jimbo lingine ao na tribinali ya serikali kuu anapaswa kuandika maombi kwa gavana.

Kukosea hapa si muchezo. Agosti 2022, Florida ilitangaza kukamatwa kwa watu 20 walioshitakiwa kupiga kura bila haki. Kati yao kuko waliosema walipewa karte ya mchaguzi, wakafikiri mambo iko sawa. Basi karte peke yake haitoshi kukuhakikishia.

Onyo lingine: asiye na uraia, hata kama iko na ruhusa ya kukaa siku zote, hana haki ya kuchagua rais wala wabunge wa Marekani. Akijiandikisha kwa kusema yeye ni raia, anaweza kurudishwa kwao. Na hukumu ya kosa kubwa pia inaweza kumufukuzisha.

Kwa hiyo, ndugu yako akuulize, mwambie hivi: atafute barua ya tribinali iliyomuhukumu, inayoonyesha azabu imeisha na lamande imelipwa. Aulize ofisi ya uchaguzi ya kule anakokaa, ao avoka, mbele ya kutia sahihi. Sahihi ile ni kiapo. Haki ikisharudi, ajiandikishe upya. Kuko wanaokaa miaka mingi wakifikiri kura yao ilipotea milele, kumbe ilisharudi zamani.